Panya hakupuliza, ni neva za mguu zilizokuwa zimenyamaza

Sisi tuliokulia pwani tumelelewa na hii habari kwamba panya akija usiku anang'ata huku anapuliza, anauma kidogo anapuliza, anauma kidogo anapuliza, ndo maana mtu anaamka asubuhi kisigino kimeliwa na hakusikia kitu. Bibi alituambia hivyo, mama naye hivyo hivyo, na mpaka leo mtu anayekuumiza huku anakuchekea tunasema huyo anauma na kupuliza. Sasa mwaka jana shangazi yangu kule Tanga aliamka alfajiri akakuta damu kwenye shuka, kuangalia mguu, kidole gumba cha kushoto kimetafunwa ubavuni mpaka nyama inaonekana, na yeye usiku kucha alikuwa amelala fofofo. Nyumba nzima ikakubaliana kuwa panya kapuliza, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi kikafungwa kitambaa, basi. Nilipopiga simu kumsalimia akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aa mwanangu, ni kidonda tu, wala hakiumi."

Hilo la hakiumi ndo lililonifanya nipande basi. Manake shangazi ana kisukari, miaka mingi sasa, na kidole kilichotafunwa halafu hakiumi si habari njema hata kidogo.

Jamani panya hapulizi. Ni kweli kwamba ile ngozi ngumu ya kisigino, hasa yenye magaga, tabaka lake la juu ni seli zilizokwisha kufa na hamna mwisho wa neva hata mmoja mle ndani, kwa hiyo panya anaweza kuikwangua na mtu mzima wa afya asishtuke. Lakini ubavu wa kidole gumba chini ya ngozi pamejaa miisho ya neva, ni kati ya sehemu za mguu zenye hisia kali, mtu wa kawaida jino likigusa nyama pale angeruka kitandani kabla hajajua kinachoendelea. Kwa hiyo swali ninalotaka tulifuate hapa ni moja tu, ule ujumbe wa maumivu uliotakiwa kutoka kwenye kidole cha shangazi kwenda kwenye ubongo wake ulipotelea wapi? Na ukitaka kujibu hilo inabidi uelewe njia yenyewe imepangwaje, na mimi nilivyoanza kuisoma hii njia nilishangaa kweli kweli, nikaona niandike.

Anza kwenye kidole. Ndani ya ngozi kuna miisho ya neva ya aina nyingi, kuna inayosikia mguso mwepesi, kuna ya mtetemo, kuna ya joto na baridi, na kuna ile iliyo uchi kabisa, haina kifuniko, ambayo kazi yake ni kusikia kitu kinachoharibu mwili, yaani kukatwa, kuungua, kubanwa sana. Kila mwisho huo ni ncha ya uzi mwembamba, na uzi ni sehemu ya seli moja iliyo hai. Sasa seli yenyewe, ile nyumba yake yenye kiini, haikai mguuni. Inakaa kiunoni, pembeni kidogo ya uti wa mgongo, kwenye kivimbe kidogo katikati ya mifupa. Kwa mtu mzima huo uzi kutoka kiunoni mpaka kidole gumba ni kama mita moja hivi. Mita moja ya seli MOJA! Na kwa zile za mguso mwepesi na za kukujulisha mguu wako umekaaje, uzi mwingine wa seli hiyo hiyo unaingia kwenye uti wa mgongo unapanda moja kwa moja mpaka chini ya ubongo, kwenye kisogo, bila kuungana na seli nyingine njiani. Yaani seli moja imelala ndani yako toka kidoleni mpaka shingoni, na nyumba yake ni ndogo huwezi kuiona kwa macho.

Maelfu ya nyuzi kama hizo zinafungwa pamoja ndo inakuwa neva unayoweza kuiona mtu akipasuliwa, na ile kubwa kuliko zote inayopita nyuma ya tako kushuka mguuni inakaribia unene wa kidole. Neva za uti wa mgongo ziko jozi 31, zinatoka kulia na kushoto kwenye nafasi za pingili, na juu kabisa kuna jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo wenyewe kwenda kwenye macho, uso, masikio, ulimi, na moja wapo inashuka mpaka kwenye moyo na tumbo. Hizo zote ndo mfumo wa pembeni. Mfumo mkuu ni ubongo na uti wa mgongo, basi. Ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na unachukua karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili ukiwa umepumzika, wakati uzito wake ni kama asilimia 2 tu.

Sasa ujumbe wenyewe. Watu tunasema umeme, na ni umeme kweli lakini si kama huu wa nyumbani. Ndani ya uzi na nje yake kuna chumvi zilizoyeyuka, nje kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na kuna pampu ndogo ndogo kwenye ukuta wa uzi zinazofanya kazi usiku na mchana, kila mzunguko zinatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Kwa sababu hiyo na kwa sababu potasiamu nayo inavuja kidogo kidogo kwenda nje, ndani ya uzi kunabaki na chaji hasi, kama milivolti 70 chini ya nje. Ncha ya neva ikibanwa na jino la panya, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, chaji inageuka ghafla kuwa chanya, halafu milango inafungwa na potasiamu inatoka, mambo yanarudi kama yalivyokuwa, yote hayo ndani ya muda kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini kile kipande kilichogeuka kimeshamgusa jirani, jirani naye anafungua milango yake, naye anamgusa anayefuata. Kama umewahi kuwa kwenye siku ya kumwaga zege la ghorofa unajua, watu wamejipanga kwenye ngazi, karai linatoka chini linapokelewa na mtu mpaka mtu mpaka juu, hamna anayetembea, kinachotembea ni karai. Na kila mtu anarusha kwa nguvu yake mwenyewe, ndo maana karai la juu halijapungua. Ujumbe wa neva hivyo hivyo, haupungui njiani, unafika kiunoni ukiwa na ukubwa ule ule ulioanza nao kidoleni. Jino likiuma zaidi ujumbe hauwi mkubwa, unakuwa mwingi, yaani mapigo yanafuatana kwa haraka zaidi, ubongo unasoma ule wingi.

Ukitaka kujua hiyo milango ya sodiamu ni muhimu kiasi gani waulize wavuvi kuhusu bunju. Bunju yule samaki anayejijaza kama mpira, sumu yake inaziba milango ya sodiamu ya neva, basi, kazi yake ni hiyo tu. Anayemla anaanza kufa ganzi midomo na ulimi, halafu mikono na miguu, halafu misuli ya kupumulia inakosa amri, na akili yake inaweza kuwa bado ina fahamu wakati kifua kimegoma. Na sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo inaziba milango hiyo hiyo, tofauti ni kwamba inawekwa sehemu moja, kipimo kidogo, na baada ya masaa inaachia. Kwa hiyo ganzi maana yake ni hiyo, jeraha lipo, kidole kipo, ubongo upo, ila ujumbe hausafiri.

Kuhusu kasi, watu wa zamani waliamini haipimiki. Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, mwaka 1850 akachukua neva ya chura na msuli wake, akaishtua neva karibu na msuli, akaishtua tena mbali na msuli, akapima tofauti ya muda, akapata kama mita 27 kwa sekunde, polepole kuliko sauti! Leo tunajua kasi zinatofautiana sana. Nyuzi nene zimezungushiwa mafuta yanayoitwa mayelini, tabaka juu ya tabaka, na mafuta hayo yameachwa wazi kila baada ya umbali mfupi, ujumbe unaruka kutoka uwazi mmoja mpaka mwingine, zile za kasi zinafika mpaka mita 120 kwa sekunde. Nyuzi za maumivu ni nyembamba. Kuna zenye mafuta kidogo, hizo zinaleta maumivu ya kwanza, makali, ya kuchoma kama sindano, na kuna zisizo na mafuta kabisa, zinatembea mita moja kwa sekunde au chini ya hapo au juu kidogo, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo. Ndo maana ukijigonga kidole kwenye mguu wa kitanda unasikia mara mbili, kwanza ile chap, alafu kuna kanafasi kadogo unajua kabisa kwamba inakuja, alafu inakuja ile ya kuunguza inayokufanya ukae chini. Ni ujumbe mbili za tukio moja, zimepita kwenye nyuzi tofauti.

Zikifika kwenye uti wa mgongo ndo panapovutia zaidi. Uti wa mgongo si bomba la kupitishia tu, unaamua mambo. Ukikanyaga msumari, ujumbe unaingia kwenye uti, unapokelewa na seli za pale pale, na amri inarudi kwa misuli ya paja na goti ikunje mguu, kabla ubongo haujapata taarifa kwamba kuna msumari. Na si hivyo tu, amri nyingine inavuka upande wa pili inauambia mguu mwingine ukaze usimame, la sivyo ungeanguka. Wakati huo huo nakala ya ujumbe inavuka upande wa pili wa uti wa mgongo inapanda juu, ndo maana mguu wa kushoto unasikika kwenye ubongo wa kulia, na kiharusi cha ubongo wa kulia kinalaza upande wa kushoto. Huko juu inapita kwenye kituo cha katikati ya ubongo, inagawanywa, sehemu moja ya ubongo inasema ni wapi, nyingine inasema inaumiza kiasi gani, nyingine inaamsha mtu aliyelala. Hiyo ya kuamsha ndo shangazi aliyoikosa usiku ule.

Kati ya seli na seli kuna mwanya mdogo sana, umeme hauruki pale, ila ncha ya seli inamwaga kemikali, kemikali inavuka, seli ya pili inaamka. Aliyethibitisha ni Otto Loewi huko Graz, Austria, mwaka 1921, kwa mioyo miwili ya vyura: akaishtua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akachukua yale maji uliyokuwa umelowekwa akauwekea moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo, bila neva yoyote. Alipata Nobeli mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Nimeipita haraka hii manake kwa shangazi mwanya haukuwa na shida. Shida yake ilikuwa kwenye uzi.

Kumbuka ile seli yenye nyumba kiunoni na ncha kidoleni. Ncha haijitengenezei chakula wala vipuri, karibu kila kitu kinatengenezwa kiunoni kinasafirishwa ndani ya uzi kwenda chini. Vifurushi vya haraka vinakwenda kama milimita 200 mpaka 400 kwa siku, kwa hiyo kutoka kiunoni mpaka kidole gumba ni siku tatu, nne, tano hivi. Vile vifaa vya kujengea mwili wa uzi wenyewe vinatambaa milimita chache kwa siku, hiyo ni miezi mingi. Sasa damu yenye sukari nyingi miaka nenda rudi inaharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva, inaharibu sehemu za seli zinazotengeneza nishati, inachosha zile seli zinazouzungushia uzi mafuta. Unafikiri nani ataanza kuishiwa? Ni yule wa mbali. Nyuzi ndefu kuliko zote mwilini ni za vidole vya miguu, ndo zinaanza kufa kutoka nchani kurudi nyuma, ganzi inaanza kwenye vidole, inapanda nyayo, vifundo, kama mtu amevaa soksi, na ikikaribia magotini vidole vya mikono navyo vinaanza, manake sasa urefu unalingana. Miguu yote miwili pamoja. Karibu nusu ya watu wenye kisukari wanaweza kufikia kupata uharibifu wa neva kadiri miaka inavyokwenda, na wengi wao hawajui manake ganzi haina siku ya kuanza, inaingia taratibu, mtu anaizoea.

Kuna kitu kinawachanganya wagonjwa na nataka nikiseme vizuri. Shangazi alikuwa akilalamika usiku miguu inawaka moto, anaitoa nje ya shuka, anaiweka kwenye sakafu ipoe, na ukiweka kiwembe pale pale hasikii. Watu wakaona anazusha, mtu anawezaje kuwa na ganzi na maumivu kwa pamoja? Anaweza. Uzi unaokufa haunyamazi mara moja, unaanza kurusha ujumbe wenyewe bila kuguswa, na ubongo hauna njia ya kujua kwamba hamna moto, unaamini ulichoambiwa. Kwa hiyo mguu unapiga kelele za uongo na wakati huo huo umekuwa kiziwi kwa ya kweli. Kuna dawa za kutuliza hiyo, amitriptilini kwa mfano, zinatolewa na daktari, na panado mara nyingi haisaidii kitu manake tatizo ni waya wenyewe.

Halafu kuna neva ambazo hatuzitawali, zinazoendesha mambo yenyewe, moyo, mapafu, tumbo, kibofu, jasho. Ziko upande mbili, mmoja unaandaa mwili kwa hatari na mwingine unautuliza, na kisukari kinazigusa hizo nazo. Neva za jasho mguuni zikifa mguu unakauka, ngozi inapasuka, magaga yanakuwa nyufa, kwenye ufa vijidudu vinaingia. Na zile tunazozitawala, zinazoshikilia misuli midogo ya nyayo, zikifa vidole vinajikunja kama kucha za kuku na uzito wote unakwenda kwenye sehemu chache. Mwingine akisimama anasikia kizunguzungu manake mishipa ya damu haipati amri ya kukaza, mwingine chakula kinakaa tumboni, wanaume wengine nguvu zinapungua wanaishia kununua dawa za mtaani, na lile linalonitisha zaidi, mwenye sukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, anachoka tu, anatoka jasho, anasema malaria.

Nilipofika Tanga nilimkuta shangazi ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, mpwa wangu ndo kamwandalia kwa mapenzi yote, anaikanda ganzi itoke. Nilimsalimia, shikamoo, marahaba, alafu nikaingiza mkono kwenye lile beseni nikautoa haraka. Yeye kakaa tu anatabasamu. Hii desturi tuiache kabisa kwa mtu mwenye sukari, nasema kwa heshima zote kwa mama zetu, maji yanayofaa ni ya vuguvugu na apime mwingine kwa kiwiko, manake mguu ule hauwezi kupima. Na kuota moto jikoni miguu imeelekezwa kwenye mkaa hivyo hivyo, na kutembea peku kwenye sakafu ya uani saa saba mchana, na kiatu ambacho hakikutingishwa kutoa kokoto. Wanaokuja na vidonda kliniki wengi wana hadithi za namna hii, msumari ulikaa ndani ya kandambili siku nzima.

Na panya. Nilidhani yetu ni ya pekee, kumbe Dk Zulfiqarali Abbas na wenzake walishaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Ni huyu huyu ambaye yeye na wenzake walianzisha mafunzo yanayoitwa Step by Step, Tanzania na nchi za Asia Kusini, daktari na nesi wanafundishwa pamoja namna ya kuangalia na kutibu mguu wa mwenye sukari ili usifike kukatwa. Na kabla ya hapo kuna hadithi ya India. Daktari mpasuaji Paul Brand alikwenda Vellore mwaka 1946, enzi hizo watu wakiamini ukoma unakula nyama, vidole vinadondoka vyenyewe. Akachunguza, akaona nyama ya mgonjwa wa ukoma ni nyama nzima na inapona vizuri tu. Kijidudu cha ukoma, kile Gerhard Armauer Hansen wa Norway alichokigundua mwaka 1873, kinapenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, kinaingia kwenye zile seli zinazofunika nyuzi za neva, neva inakufa, halafu mtu mwenyewe bila kujua anamaliza vidole vyake, anashika sufuria la moto, anakaza ufunguo mpaka ngozi inachanika. Lakini kulikuwa na wagonjwa wanaamka asubuhi kipande cha kidole hakipo na jana jioni kilikuwepo. Wakakesha kuchungulia, wakakuta ni panya, wanakuja usiku wanakula vidole na mtu hajui. Ikabidi mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani aondoke na paka. Nimesoma hiyo nikaweka simu chini kwa muda. Brand akatumia maisha yake yote kuwaeleza watu kwamba maumivu ni zawadi, na mimi ambaye zamani nilikuwa naona maumivu ni adui tu, sasa namwelewa.

Ukoma bado upo kwetu, baka kwenye ngozi lisilosikia ukigusa na pamba ni la kwenda hospitali haraka, dawa zake zinatolewa bure. Na ganzi ina sababu nyingine nyingi, pombe ya miaka, upungufu wa vitamini B12 ambao metiformini ya muda mrefu inaweza kuuleta, dawa ya TB ya isoniazidi ndo maana inatolewa pamoja na vitamini B6. Kwa hiyo usijitibu, na usikubali kuambiwa ni upepo au ni uzee.

Watu wananiuliza, neva zikifa zinarudi? Neva iliyokatwa kwa jeraha, nyumba yake ikiwa nzima, inaweza kuota tena kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo toka goti mpaka vidole hesabu zaidi ya mwaka. Ya kisukari ni ngumu zaidi, kilichokufa mara nyingi hakirudi, ila kilichobaki kinalindwa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoa matokeo mwaka 1993, kwa watu wa kisukari aina ya kwanza, ulionyesha kudhibiti sukari vizuri kulipunguza uharibifu wa neva kwa asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo ila ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo sukari idhibitiwe, na kazi ya ulinzi iliyokuwa ya neva ichukuliwe na macho: kila jioni nyayo ziangaliwe, katikati ya vidole, kioo kikiwekwa sakafuni kama mgongo haukunjiki, mafuta yapakwe ila si katikati ya vidole, kucha zikatwe na mtu anayeona vizuri, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Kipimo kipo cha kufanya nyumbani bila kifaa chochote, madaktari wa Ipswich, Uingereza walikichapisha mwaka 2011 na ni rahisi mno. Mtu alale, avue soksi, afumbe macho. Mwambie aseme kulia au kushoto kila anapoguswa. Wewe gusa kwa ncha ya kidole chako, mguso mwepesi kabisa wa sekunde moja mpaka mbili, usibonyeze, usigonge, usipapase: kidole gumba na cha mwisho mguu wa kulia, halafu gumba na cha mwisho mguu wa kushoto, kisha cha katikati cha kulia na cha kushoto. Vidole sita. Asipovisikia viwili au zaidi kati ya hivyo sita miguu yake ina hatari na aende kliniki ya sukari wampime kwa ule uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye nyayo kuona kama anausikia. Na kama tayari kuna kidonda, lengelenge, weusi, au mguu umevimba una joto, usisubiri siku ya kliniki, nenda leo, na ukifika mapokezi sema kabisa kwamba ana sukari na hasikii maumivu, manake vinginevyo watamwona ametulia watamweka mwisho wa foleni.

Shangazi nilimpima pale pale kwenye mkeka, kabla hatujaita bajaji. Nilianza kulia, nikaenda kushoto, nikamaliza vyote. Yeye kafumba macho, amesubiri kwa utulivu, alafu akaniuliza, "Haya baba, mbona huanzi?" Kidole kilisafishwa siku ile ile, nyama iliyokufa ikaondolewa, akapewa antibayotiki na chanjo ya pepopunda, kimechukua muda mrefu lakini kimefunga na kidole anacho. Sasa kliniki wanamwangalia miguu kila baada ya miezi michache, na mpwa wangu yule wa beseni ndo anayeshika kioo jioni.